Deni la Aliyekata

Wasomaji wenzangu, leo naingia ukumbini na swali ambalo mwanzoni litaonekana la kifundi, la watu wa kompyuta na ramani. Naomba mnivumilie, maana ukilichimba utakuta ni la kila mtu. Mtu analazimika kukata kitu kizima vipande vipande ili aweze kukishughulikia. Kila kipande kinapewa mshughulikiaji wake, na kila mshughulikiaji anafanya kazi yake sawasawa. Kazi ikishakwisha, inagundulika kuna kitu kimepotea, nacho kilikuwa pale pale kwenye mkato. Wa kushoto anasema, kwangu kuko safi. Wa kulia naye anasema, kwangu kuko safi. Ukikagua unakuta wote wawili wanasema kweli. Sasa kilichopotea kimepotezwa na nani?

Mie kazi yangu ni picha za ardhi, zile zinazopigwa kutoka juu na setilaiti au droni. Picha hizi zimeundwa kwa vijimraba vidogo sana viitwavyo pikseli, vilivyopangwa safu kwa safu kama punje kwenye gunzi la hindi. Kila punje ina namba yake: wekundu kiasi gani, ukijani kiasi gani, au mahali pale pako juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Picha ya namna hii wenyewe tunaiita rasta, wala usifikirie nywele. Rasta ndogo kompyuta inaifungua yote kwa mara moja. Rasta kubwa haifunguki. Kompyuta inakoroma, feni inalia, mwishowe inazimika kabisa, na we unabaki umeshika tama.

Kubwa ni kubwa kiasi gani? Chukua setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ambazo ya kwanza yake ilirushwa Juni 2015. Kipande kimoja tu cha picha zake kina pikseli 10,980 kwa 10,980, yaani zaidi ya milioni 120 kwa rangi moja, na kila pikseli inafunika mita 10 kwa 10 za ardhi. Hapo nyumba ya kawaida ni nukta. Sasa njoo Zanzibar. Mwaka 2016 ulianza mradi wa kupiga picha Unguja na Pemba kwa droni ndogo zenye mabawa, ukishirikisha Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na mwaka 2018 picha hizo zikatumika katika shindano la kufundisha kompyuta kutambua mapaa ya nyumba. Kwenye picha za droni unaona bati na kutu yake. Tufanye hesabu ya haraka. Unguja ina takriban kilomita za mraba 1,600. Tukisema kila pikseli inafunika sentimita 10 kwa 10, tunapata pikseli bilioni 160. Kila pikseli ikibeba namba tatu za rangi, hiyo ni gigabaiti 480. Kompyuta ya kubeba mkononi ambayo vijana wengi tunayo ina kumbukumbu ya gigabaiti 8, ukibahatika 16. Ni sawa na kutaka kumimina pipa la maji ndani ya kikombe cha kahawa.

Basi tunakata. Mtindo uliozoeleka ni kuigawa picha kwa vigae vya mraba, tuseme pikseli 512 kwa 512, halafu kompyuta inashughulikia kigae kimoja baada ya kingine, au kompyuta nyingi zinagawana. Unguja yetu ingetoka vigae kama 610,000. Kompyuta inachukua kigae, inahesabu mapaa, inaandika jibu, inakitupa, inachukua kingine. Haikumbuki kilichopita wala haijui kinachokuja. Kwake yeye dunia ni hicho kigae, na ng'ambo ya ukingo wake hakuna kitu.

Nataka nieleweke mapema kwamba sisemi kukata ni dhambi. Bila kukata hakuna kujua. Hakuna jicho lililowahi kuona nchi nzima na kila mlango wake kwa pamoja. Hata utawala wetu unakata: mkoa, wilaya, na chini yake kata, neno ambalo masikioni mwangu halifichi kisu chake. Tena kukata kuna baraka, maana ndiko kunakowezesha watu wengi kusaidiana. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwaweka wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa pamoja kuchora nyumba, mitaro na njia za maeneo yanayofurika. Jiji lile lilikuwa halijasahau mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 na kuwahamishia wengine Mabwepande. Nani angelichora peke yake? Kidole kimoja hakivunji chawa. Kazi iligawanywa ikawezekana.

Kwa hiyo ugomvi wangu si na kisu. Ugomvi wangu ni na ukingo.

Twende taratibu. Kigae cha pikseli 512, kila pikseli sentimita 10, kinafunika mita 51.2 kila upande. Weka ndani yake nyumba ya mita 10 kwa 10, ya vyumba vitatu na ukumbi. Gridi ya vigae haikupangwa kwa kuangalia nyumba, imeanguka tu juu ya nchi kama wavu. Nyumba hiyo ina uwezekano gani wa kukatwa? Ili isikatwe kwa mapana, upande wake wa kushoto lazima uangukie ndani ya mita 41.2 za mwanzo, yaani mara 80 na kidogo katika 100. Kwa marefu nako vilevile. Ukizidisha, nyumba zinazosalimika ni kama 65 katika kila 100. Zilizobaki 35 zinapitiwa na kisu. Zaidi ya theluthi moja ya nyumba, jamani! Nilipoipiga hesabu hii mara ya kwanza niliirudia kwenye karatasi, nikidhani kikokotoo kimechoka.

Na nyumba iliyokatwa inakuwaje? Kigae cha kushoto kinaona kipande cha bati kinachoishia hewani, na kompyuta iliyofundishwa mapaa mazima inaweza kusema hiki si kitu. Kigae cha kulia kinaona vivyo hivyo. Nyumba inapotea. Au kila kimoja kinasema nimeona nyumba, na familia moja inageuka familia mbili. Hata nyumba ambayo haikuguswa, bali iko karibu tu na ukingo, inaonekana vibaya, kwa sababu kompyuta inatambua paa kwa kusaidiwa na vilivyolizunguka: kivuli, uwanja, njia ya miguu. Ukiliondolea paa majirani zake, hata lenyewe linatiliwa shaka.

Atatokea mtu aseme, dawa si ni vigae vikubwa zaidi? Vinasaidia. Kigae cha pikseli 1,024 kinapunguza nyumba zinazokatwa kutoka 35 hadi 19 katika 100. Lakini hao 19 nao ni watu. Na kompyuta ikikua, picha nazo zinakua; kesho tutataka sentimita 5, na hapo pikseli zinakuwa mara nne. Kisu hakitastaafu.

Nilimwuliza fundi mmoja wa vigae, vile vya sakafu, siku aliyokuwa akitandika nyumba ya jirani, anaanzia wapi. Akaniambia anaanzia katikati ya chumba, au pale ambapo jicho la mgeni linafika kwanza, ili vigae vizima vikae panapoonekana. "Na vya kukatwa je?" "Vya kukatwa tunavipeleka pembeni, nyuma ya mlango, chini ya kabati. Mwenye nyumba hataviona." Kwenye sakafu hiyo ni akili na namsifu. Lakini sakafuni hakuna mtu anayeishi nyuma ya mlango. Kwenye ramani yupo.

Yupo kweli. Mama mmoja, jirani wa shangazi yangu, anakaa bondeni karibu na mto, hapo Dar es Salaam. Baada ya mvua kubwa walipita vijana wawili wakiandika nyumba zilizoingia maji, kila mmoja na karatasi lake la ramani. Wa kwanza akatazama karatasi lake akasema, "Mama, hii iko kwa mwenzangu." Wa pili alipofika kesho yake akaamkia vizuri, shikamoo mama, halafu akasema, "Hii iko upande wa jana, itakuwa imeshaandikwa." Orodha ilipobandikwa mtaani, jina lake halimo. Akaenda ofisi iliyohusika, ambayo siitaji maana sikuja hapa kugombana. Akatolewa karatasi zote mbili. Kwenye moja nyumba yake ilikuwa na mlango wa mbele, uwani hakuna. Kwenye nyingine ilikuwa na choo na uwani, mlango wa mbele hakuna. Yule mama akazitazama, akasema, "Mwanangu, nyumba yangu siyo nusu." Wakamwambia aandike barua.

Kisa hiki nilimsimulia kaka mmoja tuliyekuwa tukifanya kazi meza moja, mtu mwenye akili na uzoefu kunizidi. Jibu lake lilinikera siku nzima, ila nililiheshimu na bado naliheshimu. Alisema, "Dogo, wale vijana hawana kosa. Kila mmoja alipewa mpaka wake akaushika. We ukianza kumlaumu mtu kwa kilicho nje ya mpaka wake, hutakuwa na mahali pa kuishia. Mpaka ndio unaomfanya mtu alale usingizi. Ukinibebesha dunia nzima nitaiangusha yote."

Msomaji, usilipuuze jibu hilo. Sote tunaliishi. Nesi hawezi kuwa daktari, mfamasia na dereva wa gari la wagonjwa kwa wakati mmoja. Anayesema kila mtu anawajibika kwa kila kitu, kwa vitendo amesema hakuna anayewajibika kwa chochote. Kaka alikuwa anatetea kitu cha kweli, yaani haki ya mfanyakazi ya kumaliza.

Lakini kuna jambo moja aliliruka. Mpaka ule haukuwemo ardhini. Nyumba ya mama ilikuwa nzima kabla ya ramani kuja. Iliyoifanya nusu ni ramani. Kwa hiyo lile pengo si ajali iliyotokea huko nje, kama mvua au tetemeko. Limezaliwa na kitendo cha kukata. Na kilichozaliwa na kitendo kina mwenyewe. Hapa ndipo ninapoweka msimamo wangu: kosa la ukingo si la wa kushoto wala la wa kulia. Ni deni la aliyekata, na la kila anayekula faida ya ule mkato. Tena si deni la huruma wala la majuto. Ni deni la kazi, na kazi yenyewe inajulikana. Mafundi wa vigae vya picha wanaijua vizuri, na mie naiona ina mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni kuacha pindo. Mtazame fundi cherehani. Hakati kitambaa pale pale kwenye kipimo cha mwili wako. Anaacha ziada pembeni, kwa kuwa anajua atashona. Anayekata kwenye kipimo chenyewe hakusudii kushona, au hajui kazi. Picha za Sentinel-2 zimepangwa kwa gridi ya kilomita 100, lakini ukikipima kigae chenyewe unakuta ni kilomita 109.8. Karibu kilomita 10 zile ni pindo: ardhi hiyo hiyo imo pia kwenye kigae cha jirani. Au chukua ramani ya miinuko iliyopimwa kwa rada Februari 2000, pale chombo cha Endeavour kilipozunguka dunia siku 11. Kila kigae chake kinafunika nyuzi moja kwa moja, na kwa hesabu ya kawaida kingekuwa na pikseli 3,600 kila upande. Kina 3,601. Ule mmoja wa ziada ni mstari ambao kigae na jirani yake wanao wote wawili. Napenda sana ule mmoja. Mtu alikaa akafikiri, akaamua kwamba mstari wa mwisho wa huyu uwe pia mstari wa kwanza wa yule.

Pindo lina bei, na ni vizuri kuitaja, maana wema usiotajwa bei haudumu. Tukirudi Unguja, ili kila nyumba ya mita 10 iwe nzima walau kwenye kigae kimoja, vigae lazima vipandane kwa mita 10, ambazo ni pikseli 100. Basi kila kigae kinasogea pikseli 412 badala ya 512, na idadi inapanda kutoka 610,000 hadi zaidi ya 940,000. Kazi imeongezeka kwa 54 katika kila 100. Umeme zaidi, saa zaidi, fedha zaidi. Meneja atauliza, hizi 54 ni za nini? Jibu ni kwamba ni za wale 35. Ukizikataa, usiseme kompyuta ilishindwa. Sema umechagua.

Fungu la pili ni kuweka kanuni ya nani mwenye nini. Ukishaacha pindo, nyumba moja inaonekana mara mbili, na kwenye kona hata mara nne. Usidhani hilo ni dogo. Magunia ya msaada yakiwa mia, nyumba iliyoandikwa mara mbili inakula gunia la mwenzie. Kwa hiyo kuonekana peke yake si haki. Haki ni kuonekana mara moja. Kanuni ya kifundi ni nyepesi: kila kigae, mbali na mapindo yake, kina kiini, na viini havipandani. Nyumba ni ya kigae ambacho kitovu chake kimeangukia kwenye kiini. Na kitovu kikiangukia pale pale kwenye mstari? Inaamuliwa kabla: mstari wa kushoto na wa juu ni wangu, wa kulia na wa chini ni wa jirani. Basi, kwisha. Wale vijana wawili wangepewa kanuni ya mlango, kwamba nyumba ni ya karatasi lenye mlango wa mbele, mama yule asingeandika barua. Hawakunyimwa juhudi, walinyimwa sentensi moja. Na sentensi hiyo haikuwa yao kuitunga. Ilikuwa ya yule aliyezikata karatasi.

Fungu la tatu ndilo gumu, na ndilo lililonifanya niandike. Pindo linatosha kwa kitu kama nyumba, chenye mwanzo na mwisho. Je, mto?

Mto Ewaso Ng'iro wa kaskazini, nchini Kenya, hukusanya maji yake Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, kusini mwa ikweta. Unaivuka ikweta kule Laikipia, unapita Samburu, mpaka kinamasi cha Lorian. Vigae vya ile ramani ya miinuko vimekatwa kwa nyuzi, kwa hiyo ikweta ni mkato. Sasa iambie kompyuta ihesabu maji: kila pikseli impe jirani yake wa chini kabisa, huyo naye ampe wa chini yake, na mwisho kila mahali pajulikane panapokea maji ya eneo kubwa kiasi gani. Fanya hivyo ndani ya kigae cha kaskazini peke yake. Mto unaingia kwa mkato wa kusini ukiwa kijito tu, kana kwamba umezaliwa pale mstarini na hauna mlima nyuma yake. Kila namba ndani ya kigae ni sahihi, na jibu zima ni la uongo. Machi 2010 mto huo ulifurika kule Samburu ukabeba kambi za watalii na za watafiti wa tembo. Maji yale hayakuuliza kigae kinasemaje.

Ongeza pindo basi? Mita 10 haisaidii, na kilomita 10 haifiki mlimani. Kwa mto hakuna pindo la kutosha, isipokuwa urudi kwenye picha nzima ambayo ndiyo iliyokushinda. Kwa hiyo mafundi wanafanya jingine: vigae vinaandikiana barua. Kila kigae kinapiga hesabu zake za ndani, halafu kinatoa taarifa ya ukingo wake tu: hapa yanatoka maji kiasi hiki, hapa yanaingia na sijui yametoka wapi. Taarifa zote za kingo zinakusanywa meza moja, zinaoanishwa, halafu kila kigae kinarudishiwa jibu: kumbe hapa kwako kunaingia mlima mzima. Ndipo kinarekebisha. Na angalia ukubwa wa barua hiyo. Kigae cha pikseli 3,601 kwa 3,601 kina pikseli karibu milioni 13. Ukingo wake una 14,400. Ni kama moja katika 900. Hulazimiki kumwambia jirani mambo yako yote, wala kujua yake yote. Unamwambia moja katika 900, ile iliyo baina yenu, na mto unapona.

Wapo waliokata na barua hawakuandika. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari kutoka pwani hadi Ziwa Victoria; ukauzunguka Kilimanjaro kwa kaskazini, kisha ukanyooka moja kwa moja kama uliopigwa rula. Wamaasai wakawa huku na huku. Mto Mara ukabaki unatoka miinuko ya Mau nchini Kenya na kumwagikia ziwani upande wa Tanzania, kama ulivyokuwa ukifanya siku zote. Mstari ule haukuachwa pindo. Mpaka wa namna hiyo unatofautiana na kigae kwa jambo moja: aliyekata kigae anajua amekata, na programu yake ina hatua ya mwisho iitwayo kuunganisha. Waliopiga rula walikata, wakaondoka, na mkato wao ukazeeka mpaka watoto wakadhani ni sehemu ya ardhi.

Sasa nirudi kwa hoja ya kaka, maana niliahidi kuiheshimu. Kama deni ni la aliyekata, je, anayefanya kazi ndani ya kigae hadaiwi chochote? Nadhani anadaiwa, ila kidogo, kiasi cha kubebeka. Hadaiwi dunia nzima. Anadaiwa ukingo wake. Programu nzuri, ikikuta paa limegusa ukingo, hailitupi wala hailihesabu kama nyumba kamili; inaliwekea alama: hiki kimegusa ukingo, kiangaliwe na mwingine. Kijana yule wa kwanza angeweza kuandika maneno matatu pembeni mwa karatasi: nyumba iko mpakani. Angelala usingizi vilevile. Asingekuwa amevunja mpaka wake, angekuwa ameusema. Ile haki ya kumaliza inabaki, ila neno "nimemaliza" linabadilika maana. Linakuwa: nimemaliza changu, na hivi hapa ndivyo nisivyoweza kuvimaliza peke yangu.

Nikamwambia hivyo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hiyo alama nayo nani ataisoma?" Sikumbishia, kwa kuwa amepiga penyewe. Alama isiyo na msomaji ni kama barua ya yule mama. Ndiyo maana nasema deni haliishii kwa mfanyakazi. Lazima iwepo meza ya kingo, na mtu aliyekaa hapo kwa kazi hiyo tu, anayelipwa kwa kazi hiyo. Ukitazama ofisi zetu utakuta meza ya kila kigae ipo na kibao chake mlangoni. Meza ya kingo ndiyo haipo, na ndiyo maana unazungushwa dirisha hadi dirisha na kila dirisha linakuhudumia vizuri.

Wengi tunaoandikia jarida hili bado ni vijana. Kesho na keshokutwa tutakabidhiwa kisu: mwingine atagawa shamba, mwingine bajeti, mwingine wagonjwa kwa wodi, mwingine nchi kwa vigae vya pikseli 512. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na sisi tutakaokata marejeo yetu ni mshono. Ombi langu ni dogo. Siku hiyo, kabla hujakata, uliza kitu kikubwa kuliko vyote kilichomo humo kina ukubwa gani, uache pindo la kukitosha. Kikiwa hakina mwisho, kama mto, panga mapema nani atamwandikia nani. Na watu wako wakikuletea taarifa kwamba kote kuko safi, usisaini bado. Chukua karatasi mbili zinazopakana, uziweke pamoja mezani, uangalie katikati yake kama kuna mlango wa mtu.